MAMA ANAPOTOLEWA KIZAZI

Katika nyumba nyingi za kambini, na hata nje ya kambi, msichana anayelia kwa maumivu ya hedhi huambiwa avumilie. Mama yake alivumilia, bibi yake alivumilia, na huaminiwa kwamba akishaolewa na kuzaa mtoto wa kwanza maumivu yatakwisha yenyewe. Ni kweli kwamba kwa wasichana wengi maumivu hayo ni ya siku moja au mbili tu, nayo hupoa kwa kidonge na chupa ya maji ya moto iliyowekwa tumboni. Lakini wako wengine ambao maumivu yao si ya namna hiyo hata kidogo. Hao hujikunja sakafuni, hutapika, huzimia, hushindwa kwenda shule au kazini. Wakienda haja kubwa siku za hedhi husikia kama wanachanwa kwa kisu. Wakiolewa huumia wanapokutana na waume zao, na wengi huona haya kusema. Miaka ikipita, maumivu huacha kungoja hedhi yakawa ya kila siku. Kumwambia mtu wa namna hiyo avumilie ni kumpotezea wakati, na katika ugonjwa huu wakati ni mali.

Ugonjwa wenyewe madaktari huuita endometriosisi. Ndani ya mji wa mimba kuna utando laini ambao kila mwezi hunenepa ukijitayarisha kupokea mimba. Mimba isipotunga, utando huo hubomoka ukatoka pamoja na damu ya hedhi. Kwa mgonjwa wa endometriosisi, nyama laini inayofanana na utando huo huota mahali pasipo pake: juu ya ovari, yaani vifuko viwili vya mayai ya mwanamke, nyuma ya mji wa mimba, kwenye utumbo, kwenye kibofu cha mkojo, na mara chache mbali zaidi. Popote ilipo, nyama hiyo hutii homoni zilezile zinazoutawala mji wa mimba. Hunenepa na kuvuja damu, ila damu hiyo haina njia ya kutokea nje. Hubaki ndani, ikaleta uvimbe na makovu, na makovu hayo hugandisha pamoja viungo ambavyo vimeumbwa viteleze kimoja juu ya kingine. Ndiyo sababu baadhi ya wagonjwa hushindwa kupata mimba, na ndiyo sababu maumivu huzidi kadiri miaka inavyokwenda.

Daktari Mmarekani John Sampson, aliyefanya kazi katika mji wa Albany, jimbo la New York, ndiye aliyeeneza jina hilo katika miaka ya 1920. Alieleza kwamba sehemu ya damu ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija ya uzazi na kumwagika tumboni, nayo hubeba mbegu za ugonjwa. Maelezo yake yangali yakisomeshwa mpaka leo, ingawa hayatoshi, kwa maana damu hurudi nyuma kwa wanawake walio wengi na si wote wanaougua. Linalojulikana bila shaka ni kwamba ugonjwa huu hauambukizi, hautokani na uasherati, wala haumpati mtu kwa kurogwa. Shirika la Afya Duniani linahesabu wanawake na wasichana wapatao milioni 190 wenye ugonjwa huu, yaani kiasi cha mmoja katika kila kumi walio katika umri wa kuzaa. Katika safu moja ya nyumba kumi za askari, hesabu hiyo kwa wastani ina maana ya nyumba moja.

Nchini Kenya mtangazaji Njambi Koikai aliteseka tangu utoto wake wa shule. Kwake ugonjwa ulifika mpaka kifuani na kuyadhuru mapafu, ikambidi mwaka 2018 kwenda Atlanta, Marekani, kupasuliwa. Baadaye alitumia sauti yake kuwaeleza wananchi habari za maradhi hayo, bila kuona haya, mpaka alipofariki mwezi wa Juni 2024. Kabla yake, ni watu wachache Afrika Mashariki waliokuwa wamelisikia jina endometriosisi likitajwa hadharani.

MWANAMKE ALIYEJITAMBUA MWENYEWE

Kisa kinachofaa kuelezwa kwa urefu kidogo ni cha mwandishi wa Kiingereza Hilary Mantel, ambaye riwaya zake za historia zilimpatia tuzo kubwa ya Booker mara mbili, mwaka 2009 na mwaka 2012. Alizaliwa mwaka 1952. Alipokuwa mwanafunzi wa sheria katika chuo kikuu alikwenda kwa daktari akilalamika maumivu ya miguu na tumbo. Hakuonekana na ugonjwa wowote. Kwa kuwa alikuwa kijana, mwanamke, na mwenye kujisomea sana, ilidhaniwa kwamba taabu yake iko kichwani. Akapewa dawa za kutuliza moyo, kisha akapelekwa kwa madaktari wa akili wakampa dawa zenye nguvu zaidi. Dawa hizo zenyewe zilimfanya ahangaike asiweze kutulia, na mahangaiko hayo nayo yakachukuliwa kuwa dalili ya wazimu. Daktari mmoja hata alimtaka aache kuandika.

Mwaka 1977 alifuatana na mumewe, mtaalamu wa miamba, kwenda Botswana. Huko, mbali na hospitali kubwa za kwao, alisoma vitabu vya udaktari, na katika kurasa zake akakuta maelezo ya mwili wake mwenyewe: maumivu yale, mahali palepale, kwa mpangilio uleule. Kwa hiyo aliporudi Uingereza alikuwa analijua jina la ugonjwa wake kabla ya kuambiwa na daktari yeyote. Mwishoni mwa mwaka 1979 alilazwa katika hospitali moja ya London. Madaktari walikubali kwamba alikuwa amesema kweli, lakini ugonjwa ulikuwa umekwisha kuenea mno. Walimtoa mji wa mimba na ovari zote mbili. Alikuwa na umri wa miaka 27, hajazaa, na tangu siku ile hakuwa na tumaini la kuzaa.

Hapo watu wengi wangedhani kisa kimekwisha: kizazi kimetoka, na ugonjwa umetoka nacho. Haikuwa hivyo. Masalio ya nyama ile mbaya yalikuwa yamebaki tumboni, na baada ya muda maumivu yakarudi. Dawa za homoni alizopewa zilimnenepesa sana hata akashindwa kuutambua mwili wake. Ndoa yake ilivunjika kwa muda. Yeye na mumewe waliachana, kisha wakaoana tena. Hayo yote aliyaandika katika kitabu cha maisha yake, Giving Up the Ghost, kilichotoka mwaka 2003, naye aliendelea kuandika vitabu vikubwa mpaka alipofariki mwaka 2022 akiwa na umri wa miaka 70. Alikuwa mgonjwa karibu maisha yake yote.

Katika kisa hicho Mantel hakukosa wapasuaji. Kilichomponza kwanza ni miaka iliyopita bila mtu kumsadiki. Ugonjwa huu ukitambuliwa mapema mara nyingi huzuiwa usifike mahali pa kutoa kizazi, kwa vidonge vya kutuliza maumivu, kwa vidonge vya homoni ambavyo ni sawa na vile vya kupanga uzazi, kwa kitanzi chenye homoni kinachowekwa ndani ya mji wa mimba, au kwa sindano zinazozilaza ovari kwa muda. Mwanamke ambaye bado anataka watoto anaweza kupasuliwa kwa matundu madogo, daktari akaondoa nyama iliyoota vibaya na makovu yake, huku mji wa mimba ukiachwa salama.

KABLA YA KUTIA SAHIHI

Kutoa kizazi ni hatua ya mwisho, si ya kwanza. Mwongozo wa madaktari wa uzazi wa Ulaya uliotolewa mwaka 2022 unasema upasuaji huo ufikiriwe kwa mwanamke asiyetaka tena kuzaa na ambaye dawa na njia nyingine zimemshinda. Tena daktari aondoe pamoja na kizazi nyama yote ya ugonjwa inayoonekana, na mgonjwa aelezwe wazi kwamba hata hivyo huenda asipone kabisa. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayosahauliwa mara nyingi. Kizazi kikitolewa na nyama ikaachwa juu ya utumbo, hedhi itakoma, ndiyo, lakini maumivu yanaweza kubaki.

Jambo linalotaka mazungumzo marefu na daktari ni ovari. Mwaka 1995 madaktari wa Johns Hopkins huko Baltimore, Marekani, walitangaza habari za wanawake 138 waliotolewa kizazi kwa sababu ya endometriosisi. Katika 29 walioachiwa ovari, 18 walipatwa tena na maumivu. Katika 109 waliotolewa ovari zote, waliopatwa tena walikuwa 11 tu. Anayezisoma hesabu hizo kwa haraka atasema basi ovari zote zitolewe. Lakini ovari si mfuko wa mayai peke yake. Ndizo zinazotengeneza homoni za kike. Zikitolewa, mwanamke wa miaka 30 hufikia ukomo wa hedhi katika alasiri moja, jambo ambalo wenzake hulifikia polepole karibu na miaka 50. Husikia moto ukimpanda usoni, hutoka jasho usiku akalowesha shuka, hukosa usingizi, na kwa miaka mingi ijayo mifupa yake hudhoofika na moyo wake huwa katika hatari zaidi. Kwa sababu hiyo madaktari humpa homoni za badala, kwa kawaida mpaka umri ambao hedhi ingekoma yenyewe. Kwa mgonjwa wa endometriosisi wengi hupendelea mchanganyiko wa homoni mbili, kwa kuwa estrojeni ikitolewa peke yake inaweza kuyaamsha masalio. Mgonjwa aulize kabla ya upasuaji, siyo baada yake, kama dawa hizo zinapatikana mahali anapoishi na kwa bei gani.

Na nani anayeamua? Shangazi ana neno lake, mama mkwe ana lake, na mume ambaye yuko kwenye kituo cha mpakani hutaka angojewe. Ni vizuri sana mume apelekewe habari mapema, na mkuu wake wa kazi akiweza amruhusu aje. Lakini mwili ni wa mgonjwa, na sahihi kwenye karatasi ya ridhaa ni yake. Si haki mwanamke kusukumwa apasuliwe kabla hajaelewa nini kitatolewa. Vilevile si haki azuiwe, aendelee kulala sakafuni kila mwezi, kwa kuwa ukoo unangoja mtoto mmoja zaidi. Kwa yule ambaye hajazaa kabisa uamuzi huu ni mchungu, na hakuna daktari wala jamaa anayeweza kuupunguza uchungu huo kwa maneno. Anachohitaji ni muda, na mtu wa kumsikiliza asiyemharakisha.

WIKI SITA ZA NYUMBANI

Upasuaji wenyewe mgonjwa haujui, kwa kuwa amelazwa kwa nusu kaputi. Huamka na mpira wa mkojo, dripu mkononi, na maumivu ambayo ni mapya lakini, wengi husema, si kama yale ya zamani, kwa maana haya yanajulikana yatakwisha. Mara nyingi siku ya pili wauguzi humwinua atembee hatua chache. Huo si ukatili. Kutembea huzuia damu isigande katika mishipa ya miguu na huamsha utumbo. Aliyepasuliwa kwa matundu madogo anaweza kusikia maumivu begani, akashangaa bega limehusika vipi. Ni hewa waliyojaza tumboni ili waone vizuri, na baada ya siku chache hutoweka. Kulala hospitalini huwa siku moja hadi nne kwa aliyepasuliwa kwa matundu, na hadi tano au zaidi kwa aliyefunguliwa tumbo.

Hatari kubwa huanza anapofika nyumbani. Kidonda cha nje hukauka upesi, mgonjwa huanza kuvaa vizuri na kucheka na wageni, na nyumba nzima huhesabu kwamba amepona. Ndani bado nyuzi hazijashika. Kwa muda wa wiki sita, na wengine nane au zaidi, asinyanyue kitu kizito. Jerikani moja ya maji ya lita 20 ni kilo 20, na hiyo peke yake yatosha kuharibu kazi ya mpasuaji. Kutwanga, kulima, kubeba kuni, kufua mablanketi kwa mikono, kumpakata mtoto mkubwa mgongoni, yote hayo yangoje. Kambini ambako bomba ni moja na foleni ni ndefu, jambo hili haliwezekani bila mtu mwingine kuchukua zamu yake. Askari aliye tayari kubeba mzigo wa mwenzake matembezini hana sababu ya kuona aibu kubeba jerikani ya mkewe mbele ya majirani, na akiwa yuko mbali, wake wa askari wenzake wamekwisha jua siku nyingi namna ya kupeana zamu.

Chakula kiwe cha kawaida chenye mboga, matunda na maji mengi, kwa sababu choo kigumu katika wiki hizo ni adui wa kidonda. Kila siku atembee kidogo, na kesho azidishe. Majimaji yenye damu kidogo yanaweza kumtoka ukeni kwa wiki kadhaa bila kuwa na ubaya. Lakini akipata homa, au damu nyingi, au uchafu wenye harufu mbaya, au mkojo ukamtoka wenyewe, au kidonda kikawa chekundu na kutoa usaha, arudi hospitali siku hiyohiyo. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikambana ghafla, isingojwe asubuhi.

Wapo wanaosema kwamba mwanamke aliyetolewa kizazi amebaki mtupu ndani, kwamba si mwanamke tena, kwamba mumewe ataona tofauti. Haya ni maneno ya vijiwe. Nafasi iliyoachwa na mji wa mimba hujazwa na utumbo katika muda mfupi. Uke unabaki pale pale, umefungwa kwa nyuzi upande wa juu, na ndiyo sababu mume na mke wangoje angalau wiki sita mpaka daktari amwangalie na kusema kwamba pameshikana. Baada ya hapo, wanandoa wengi huona kwamba tendo ambalo kwa miaka lilikuwa mateso limerudi kuwa la raha. Wengine, hasa waliotolewa ovari, hupata ukavu unaoumiza. Huo una dawa, na muuguzi hatashangaa akiulizwa. Mume asifanye haraka kupima kama mambo ni sawa. Wala asione ajabu mkewe akilia bila sababu siku fulani, hata kama ndiye aliyeutaka upasuaji. Homoni zimebadilika ghafla, na pengine analilia watoto ambao hawatazaliwa.

Kwa mwanamke ambaye mwenyewe ni askari au polisi, shida huwa ya namna nyingine. Mkanda wa sare hukaa juu ya kidonda chenyewe. Gwaride, kupanda lori, kusimama lindo usiku, na mazoezi ya viungo haviendani na tumbo lililofunguliwa mwezi uliopita. Aombe kwa daktari cheti kinachoeleza kazi asizoweza kufanya na mpaka tarehe gani, kwa maana cheti kinachosema tu kwamba mtu ni mgonjwa hakimsaidii mkuu wake kumpangia kazi. Kwa wengi kazi ya ofisini au ya redio hurudiwa baada ya wiki nne hadi sita, na mazoezi mazito baada ya miezi mitatu au zaidi, kwa kufuata maneno ya mpasuaji.

Jambo moja zaidi huhusu familia za askari kuliko watu wengine, nalo ni uhamisho. Daktari aliyepasua atabaki mji ule, na mgonjwa baada ya mwaka atakuwa mkoa mwingine, mbele ya daktari asiyemjua, akiulizwa nini kilitolewa. Wanawake wengi hawawezi kujibu. Kabla ya kuondoka hospitali ile ya kwanza aombe karatasi iliyoandikwa waziwazi: kama mji wa mimba ulitolewa wote pamoja na mlango wake, kama ovari ziliachwa, moja au mbili, kama ipo nyama ya ugonjwa iliyoshindikana kuondolewa na iko wapi, na ni homoni gani alizopewa. Mlango wa mji wa mimba ukiwa umeachwa, uchunguzi wa saratani yake bado unahitajika kama kwa mwanamke yeyote. Karatasi hiyo ihifadhiwe pamoja na vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa watoto, siyo ndani ya begi la safari la mume.